Betri Tatu Ndani ya Miaka Miwili: Gari la Muziki na Mzigo Wake wa Umeme

SWALI: Ndugu Fundi, pokea salamu kutoka Jinja. Nina Toyota HiAce, zile tunazoziita "drone", ambayo siku za kazi hubeba abiria kati ya hapa na Kampala, na mwisho wa juma hukodishwa kwa harusi na matangazo. Nyuma nimefunga amplifaya iliyoandikwa wati 1,000, inveta ya wati 500 (kifaa cha kugeuza umeme wa betri uwe kama wa nyumbani) inayolisha kompyuta na mikisa, friji ndogo ya soda, na taa za LED zenye jumla ya wati 120. Tangu nianze kazi hii miaka miwili iliyopita, betri tatu zimekufa, zote za N70, na mara mbili bwana harusi mwenyewe amesukuma gari akiwa na suti yake. Duka moja la Kampala linanishauri ninunue N100, la pili linasema nichukue betri ya sola, na la tatu linasema nichukue betri kavu. Mdogo wangu anayesomea umeme anadai kwamba betri kubwa itaunguza alteneta, ile mashine inayozungushwa na injini ili kuzalisha umeme. Nimsikilize nani?

JIBU: Ndugu yangu wa Jinja, kabla ya kumsikiliza yeyote kati ya hao, tupige kwanza hesabu ambayo hakuna muuzaji aliyekupigia. Wati ukizigawa kwa volti 12 unapata ampea, na ampea ndizo zinazokunywa betri. Taa zako za wati 120 zinachukua ampea 10. Friji ndogo ya gari huchukua ampea 4 au 5 wakati kompresa yake inapozunguka. Inveta isikutishe kwa maandishi yake, kwa sababu wati 500 ni uwezo wake wa juu na si matumizi yako. Kompyuta na mikisa, pamoja na umeme unaopotea ndani ya inveta yenyewe, tuviwekee ampea 20 tukiwa wakarimu. Amplifaya nayo haichukui wati 1,000 muda wote, kwa kuwa muziki hupanda na kushuka, lakini ukiipigisha kwa sauti ya harusi wastani wa ampea 30 si jambo la ajabu. Jumla ni ampea 65, na hapo gari lenyewe bado halijaomba chochote.

Sasa tuitazame N70. Kwa kawaida betri ya aina hiyo ina ampea-saa 70, yaani ina uwezo wa kutoa ampea 3.5 kwa saa 20 mfululizo hadi iishe. Watu wengi hudhani kwamba betri hiyo hiyo itatoa ampea 70 kwa saa moja, jambo ambalo si kweli, kwani kadiri unavyovuta umeme kwa haraka ndivyo akiba inayopatikana inavyopungua. Tena betri ya kuwashia injini haikutengenezwa ili imalizwe. Ndani yake mna sahani nyingi nyembamba za risasi, ambazo zinaweza kutoa mamia ya ampea kwa sekunde chache za kuzungusha stata, ile mota inayowasha injini, na kisha hungojea kujazwa upya. Ukiishusha mara kwa mara chini ya nusu, sahani hizo huchakaa upesi, na ukiiacha ikiwa tupu hata kwa siku chache, salfeti ya risasi huganda juu yake kwa namna ambayo chaja ya kawaida haiwezi kuiondoa. Kwa mzigo wako wa ampea 65 injini ikiwa imezimwa, nusu hiyo unaifikia kabla ya nusu saa, pengine wakati maharusi bado wako getini.

Najua utasema kwamba huwa unaacha injini ikinguruma, nami nakuamini, ila hapo ndipo fedha zako zimekuwa zikipotelea. Alteneta iliyoandikwa ampea 80 au 100 hutoa kiwango hicho injini inapozunguka kwa kasi barabarani. Gari likiwa limesimama bila kukanyagwa mafuta, alteneta nyingi hutoa nusu ya kiwango hicho au chini yake. Gari lako lenyewe, kwa pampu ya mafuta, feni na taa zake, linahitaji kama ampea 25. Ukijumlisha na zile 65 unapata 90, ilhali alteneta inaleta labda 45. Ampea 45 zinazopungua hutolewa na betri, kimyakimya, na kwa kuwa injini inanguruma hakuna anayeshtuka hadi mtu atakapoizima.

Kwa hiyo betri zako tatu huenda hazikuwa na kasoro yoyote. Betri haizalishi umeme, huuhifadhi tu, na betri kubwa zaidi hukuongezea dakika bila kukuongezea ampea hata moja ya uzalishaji.

Tukirudi kwa washauri wako, N100 ina urefu wa sentimita 41 hivi, wakati N70 ina takriban 31, kwa hiyo kwanza haitakaa kwenye kitako chake bila kukata na kuchomelea, na pili itakuongezea robo saa hivi kisha utarudi kusukuma. Betri ya sola, ukiiweka mahali pa betri ya kuwashia, ina sahani nene na chache ambazo huvumilia kushushwa lakini hazipendi kutoa mkupuo mkubwa wa stata; ni chombo kizuri kilichopendekezwa kwa kazi isiyo yake. Kuhusu "kavu", neno hilo limekuwa mtego, kwa maana madukani betri yoyote isiyo na vifuniko vya kuongezea maji huitwa kavu, ilhali nyingi kati ya hizo zina asidi ya majimaji ndani kama nyingine zote, tofauti ikiwa tu kwamba zimefungwa. Betri ambayo asidi yake kweli imenyonywa na vitambaa vya nyuzi za kioo huandikwa AGM, huuzwa kwa bei ya juu, hujazwa haraka zaidi, na huvumilia kushushwa vizuri kuliko ya kawaida. Joto la injini huifupishia maisha, na kwenye HiAce, ambayo injini yake iko chini ya viti vya mbele, hilo si jambo la kupuuza.

Mdogo wako amekaribia ukweli, msimcheke. Ukubwa wa betri hauunguzi alteneta, wala betri kubwa haiunguzi stata, kwa sababu kila kifaa huchukua kile tu kinachohitaji. Kinachoichosha alteneta ni betri iliyo tupu, kubwa au ndogo, ambayo huomba umeme mwingi kwa muda mrefu. Ukitoka harusini na betri iliyoishiwa umeme kisha ukakwama kwenye jamu ya Mukono, alteneta inafanya kazi kwa nguvu zake zote huku feni yake yenyewe ikizunguka polepole, na dayodi zake, vipande vinavyonyoosha umeme wake uweze kuingia kwenye betri, zinaweza kuungua.

Lau gari lingekuwa langu, ningefanya hivi. Mbele ningeacha betri ya kawaida ya kuwashia, ya ukubwa ule ule wa N70, isiyoguswa na muziki kabisa. Nyuma, ndani ya sanduku lililofungwa imara sakafuni, ningeweka betri ya pili ya AGM iliyotengenezwa kwa ajili ya kushushwa na kujazwa mara nyingi, yenye ampea-saa 100. Kati ya hizo mbili ningefunga rilei ya kutenganisha, ambayo huziunganisha injini inapowaka na kuchaji, na kuzitenganisha injini inapozimwa. Kuziunganisha moja kwa moja bila rilei hiyo, kama nilivyoona kwenye magari kadhaa, kunamaanisha kwamba muziki utazimaliza zote mbili kwa pamoja. Waya wa kuunganisha uwe mnene, usiopungua milimita za mraba 35 kwa umbali wa mita nne, na fyuzi iwekwe karibu kabisa na kila betri, si upande mmoja tu, kwa sababu waya huo ukichubuka na kugusa bodi, betri zote mbili zitausukumia moto kila moja kutoka upande wake. Hapa sitakubali ubahili. Gari lako hubeba watu.

Hata hivyo nisikudanganye. Nusu ya ampea-saa 100 ni 50, na kwa mzigo wa ampea 65 hizo hazifiki saa moja. Harusi ya saa tano ingehitaji ampea-saa 325, ambazo hakuna betri ya kufunga kwenye HiAce itakayokupa kwa starehe. Punguza mzigo kwanza: zima friji na uweke barafu, acha kompyuta itumie betri yake, na badilisha amplifaya ya zamani kwa ile ya daraja la D, ambayo hupoteza umeme kidogo sana kwa joto. Pengine utaona mzigo umeshuka hadi ampea 35. Kinachobakia, kama sherehe ni ndefu, kibebwe na jenereta ndogo ya petroli itakayowekwa mbali na hema. Mimi naona ni nafuu kuliko betri tatu kila miaka miwili, ingawa najua wateja wako hawapendi kelele yake.

Jambo jingine ambalo madereva wetu husahau ni kujaza betri hadi mwisho. Safari ya Jinja hadi Kampala, kilomita 80 hivi, hurudisha sehemu kubwa ya umeme, lakini sehemu ya tano ya mwisho huingia polepole sana na inaweza kudai saa kadhaa. Mara moja kwa juma iunganishe betri ya nyuma na chaja ya ukutani usiku kucha, na hakikisha chaja hiyo ina mpangilio wa AGM.

Kabla ya kutoa fedha yoyote, nunua mita ya kupimia volti au azima kwa fundi. Betri iliyojaa, ikiwa imepumzika saa kadhaa, husoma volti 12.6 au zaidi kidogo, 12.2 ni kama nusu, 11.8 ni tupu. Washa injini, na usome tena: volti kati ya 13.8 na 14.4 zinaonyesha kwamba alteneta inachaji. Kisha washa vyako vyote, muziki kwa sauti ya harusini, na uangalie bila kukanyaga mafuta. Ikishuka chini ya 13, unakula akiba. Ukinunua, pima dukani pia, na betri mpya inayosoma chini ya 12.4 imekaa rafuni muda mrefu, iache. Iinue kwa mikono ulinganishe na nyingine ya ukubwa huo huo, kwa sababu uwezo ni risasi na risasi ina uzito. Lebo yenye tarakimu kubwa juu ya betri nyepesi hunitia shaka.

SWALI: Mimi ni mwalimu Mbarara, ninaendesha Mazda Demio ambayo injini yake hujizima yenyewe kwenye taa za barabarani ili kuokoa mafuta. Betri iliyotoka nayo Japani iliandikwa Q-85. Fundi aliweka 55D23L kwa kuwa ilikaa vizuri, na baada ya miezi minane imekufa. Je, nilipigwa?

JIBU: Mwalimu, ilikaa vizuri kwa sababu umbo ni lile lile. Katika maandishi ya Kijapani, tarakimu ya kwanza, hiyo 55, ni kiwango cha utendaji. D ni upana na kimo. 23 ni urefu kwa sentimita. Na L ina maana kwamba ukiweka vichwa vya betri upande wako, hasi iko kushoto. Q ni umbo la D23, na alama hiyo ya herufi moja na tarakimu ndiyo inayotambulisha betri za magari yanayojizima. Kila injini inapojizima, taa, redio na feni hubaki juu ya betri peke yake, kisha stata huzunguka tena, pengine mara kadhaa katika safari moja. Betri ya kawaida haikuumbwa kwa maisha hayo. Tafuta Q-85 yenyewe au yenye tarakimu kubwa zaidi, mara nyingi ikiwa imeandikwa EFB, yaani betri ya majimaji iliyoimarishwa. Ukikosa, zima mfumo wa kujizima kwa kitufe chake kila unapowasha gari. Fundi wako hakukuibia, ila hakusoma lebo.

SWALI: Hapa Kabale asubuhi kuna baridi. Je, nitafute betri yenye ampea nyingi za kuwashia kwenye baridi?

JIBU: Ampea hizo hupimwa betri ikiwa kwenye nyuzi 18 chini ya sifuri, na Kabale haijawahi kukaribia huko. Nyuzi 10 za asubuhi humwumbua tu mgonjwa aliyekuwa mgonjwa tangu juzi. Kama gari lako husitasita asubuhi tu, pima betri kabla ya kuwasha, safisha vichwa vyake vyenye unga mweupe, na kama betri ina vifuniko, ongeza maji yaliyosafishwa hadi kwenye alama. Usiongeze asidi hata kama muuza duka anakusisitizia.