Mustang ya "1964½" au ya 1965? Soma namba ya chasi kwanza

Salaam mkuu. Umeuliza nani mkweli: muuzaji anasema Mustang ni ya "1964½", hati inasema 1965. Wote wanaweza kuwa sahihi. Ford walianza kuiunda kiwandani Dearborn, Marekani, Machi 1964 na kuizindua New York tarehe 17 Aprili, ila hata za mwanzo kabisa ziligongwa namba inayoanza na 5, yaani modeli ya 1965. Hiyo "nusu" ni lugha ya wapenzi wa magari kwa hizo za mwanzo.

Tafuta namba iliyogongwa kwenye bati la ndani juu ya tairi la mbele, upande wa dereva. Alama ya tano, herufi ya injini, ndiyo inayoamua. U (silinda 6, inchi za ujazo 170), F (V8, yaani silinda 8, ya 260) au D (V8 ya 289) ni za mwanzo. T, C na A zilikuja kuanzia Agosti 1964. K haikusaidii, ilitumika vipindi vyote viwili. Ukikuta 09 kabla ya herufi hiyo, ni ile ya mgongo ulioteremka, na hiyo haikuwepo mwanzoni. Hapo mkatalie muuzaji.

Kisha fungua boneti. Za mwanzo zilichaji betri kwa jenereta ya kizamani, si alteneta, na zilikuwa na taa ya GEN kwenye dashibodi. Lakini wengi walishabadilisha, kwa hiyo alteneta peke yake isikukatishe tamaa. Kibati cha mlangoni chenye namba hiyo nacho kisikutoshe, milango hubadilishwa sana. Weka hapa alama tano za kwanza tuzisome pamoja kabla hujalipa.