Mwenyeji Naye Apone

Swali la wiki lilikuwa hili: safari za shule zinazowapeleka wanafunzi kulala kwenye maboma ya Wamaasai vijijini zina faida gani, na kwa nani? Najibu kama mtoto wa boma la Longido, kaskazini mwa Arusha, ambaye sasa anafundisha sekondari mjini Arusha. Mama yangu amekuwa akipokea wanafunzi hao kwa miaka kadhaa. Kwangu safari hizi zina faida kubwa, ila pale tu mwanamke mwenye nyumba anapoulizwa kwanza. Nyingi ninazozijua hupangwa na wanaume watupu: mwalimu, mwongoza wageni, mwenyekiti wa kitongoji na mzee wa boma. Mama hupata habari vumbi la gari likishaonekana.

Wasiotujua hudhani nyumba ni ya mzee. Boma ni la mzee, sawa, lakini enkaji, ile nyumba yenyewe ya fito, udongo na samadi, ni ya mwanamke. Yeye ndiye aliyekata fito, akazisimika, akazifunga na kuzikandika, na mvua ikipasua paa ni yeye anayepanda kuziba kwa samadi mbichi. Mume mwenye wake watatu hana nyumba ya nne ya kwake. Analala kwa wake zake. Maziwa nayo yana mwenyewe. Kila mke ana ng'ombe aliogawiwa, anawakamua alfajiri na jioni, na maziwa yakishaingia kwenye kibuyu ni yeye anayeamua nani anywe na kiasi gani. Sasa mtu anapata wapi ruhusa ya kuahidi malazi na kikombe cha maziwa katika nyumba hiyo kabla hajazungumza naye?

Maana mzigo wa mgeni unaangukia mgongo wake. Kwetu maji hufuatwa na wanawake na wasichana, kwa punda na madumu ya lita 20, na kiangazi kikikolea safari hiyo inakula sehemu kubwa ya siku. Mwanafunzi wa mjini anayeoga asubuhi na jioni kama alivyozoea anaongeza safari nyingine ya kisimani, na si yeye atakayekwenda. Kuni ni hivyo hivyo. Kitanda anachopewa kimeachwa na watoto, ambao usiku huo wamehamia kwa mama mdogo.

Halafu kuna majira, jambo ambalo wapangaji hawaliulizi kabisa. Wanafunzi wa Ulaya na Marekani huja Julai na Agosti kwa sababu ndiyo likizo yao ndefu. Masika ya Machi hadi Mei yameshapita wakati huo. Malisho ya karibu yanakwisha, vijana wamehamishia ng'ombe ronjo, yaani kambi za muda za malisho, mbali, na nyumbani wamebaki ndama, wagonjwa na ng'ombe wachache wa maziwa wanaolishwa kwenye alalili, yaani nyasi zilizotengwa karibu na boma kwa ajili yao. Maziwa ya miezi hiyo ni ya watoto. Lakini mama hawezi kumnyima mgeni, heshima haimruhusu, basi chai ya mgeni inakuwa ya maziwa na ya mtoto inakuwa ya rangi. Mgeni hajui. Angejua, naamini wengi wangekataa. Na mwaka wenye ukame kama ule wa 2009 au wa 2022, Longido ilipopoteza ng'ombe kwa maelfu, safari ya namna hii isifanyike hata kama basi limeshalipiwa.

Fedha nayo hupita mlango mwingine. Nimeona kwa macho yangu mama akikabidhiwa sukari na khanga baada ya kuwalisha na kuwalaza wanafunzi, ilhali shule iliyowaleta ilikuwa imelipa malazi ya kila mwanafunzi kwa shilingi taslimu. Sisemi kwamba wazee wameila. Mara nyingi inakwenda kwenye dawa ya mifugo au mchango wa kijiji, na boma zima linahitaji hayo. Kijiji kipate ushuru wake kwa risiti, mtendaji awe na majina ya wageni wote, hilo ni sahihi na ni usalama wa kila mtu. Lakini malipo ya malazi ni malipo ya kazi, na kazi ina mtu aliyeifanya. Wanawake wengi wa bomani leo wana simu za kitochi na wanapokea pesa kwa simu. Atakayetaka kumlipa aliyepika hana kisingizio.

Kuna na suala la mkalimani. Wanawake wengi wa umri wa mama yangu wanazungumza Kimaa, Kiswahili chao ni cha kuombea maji. Mkalimani akiwa mwanamume, mwanafunzi anauliza, mama anajibu kwa kirefu, na kinachotafsiriwa ni sentensi moja. Mara nyingine mkalimani hajisumbui hata kumuuliza, anajibu mwenyewe. Wanafunzi wanaondoka wakiamini wamemsikiliza mama wa Kimaasai, kumbe wamemsikiliza kijana mmoja wa mjini. Mkalimani awe msichana wa kijiji hicho aliyemaliza sekondari, naye alipwe. Wapo, na wengi wao wamekaa nyumbani bila kazi.

Baada ya hayo yote bado nasema wanafunzi waje, kwa sababu nimeona kinachowatokea wanaokaa siku za kutosha na kupewa kazi. Wanaokuja asubuhi kutazama morani wakiruka na kununua shanga wanaona kile kile wanachokiona watalii wa barabarani. Anayeamka na mama alfajiri anaona jambo jingine. Anaona ndama akiachiwa anyonye kwanza ili maziwa yashuke, kisha akivutwa pembeni mama akamue, na chuchu nyingine akiachiwa ndama huyo. Anaona kijiti cha oloirien, mzeituni mwitu, kikichomwa hadi kiwe kaa na kusuguliwa ndani ya kibuyu ili maziwa yakae bila kuharibika na yapate ile harufu ambayo sisi tuliokulia huko tunaitafuta mjini hatuipati. Akipewa kibuyu akisafishe mwenyewe, atakirudia mara tatu kabla mama hajaridhika.

Wavulana waende machungani na layoni, yaani mvulana ambaye bado hajatahiriwa. Mtoto wa miaka saba au minane kwetu anachunga ndama karibu na boma. Akikua kidogo anakabidhiwa mbuzi na kondoo, baadaye ng'ombe. Jioni kundi likirudi, mtoto huyo anasimama langoni na kutazama tu. Hahesabu, kwa kuwa kuhesabu mifugo kwetu ni kuitakia mabaya. Anamjua kila mnyama kwa rangi, kwa pembe, kwa alama ya sikio, kwa mama aliyemzaa; akikosekana mmoja anamtaja ni yupi na alionekana wapi mara ya mwisho. Mimi ni mwalimu wa jiografia na ninajua jinsi darasa linavyopita haraka juu ya ufugaji wa kuhamahama, kana kwamba ni tabia ya watu wasiojua kutulia. Mwanafunzi aliyetembea siku nzima na layoni anarudi akijua kwamba mtu anahama kwa kufuata mvua ilinyesha bonde lipi, maji yamebaki kisima kipi na jirani gani ameshakubali kumpokea. Hapo anaanza kuniuliza maswali ambayo kitabu changu hakina majibu yake, na nafurahi sana.

Adabu wafundishwe kabla ya kupanda basi. Kijana anainamisha kichwa mbele ya mkubwa, anaguswa utosini, ndiyo salamu. Mzee haulizwi ana ng'ombe wangapi. Picha zinaombwa, na ndani ya nyumba zinaombwa kwa mama. Na kuna swali moja ambalo wanafunzi huja nalo limeshaandikwa kwenye daftari: la ukeketaji. Kumkeketa msichana wa chini ya miaka 18 ni kosa la jinai nchini tangu sheria ya mwaka 1998, na nalipinga jambo hilo kwa moyo wangu wote. Hata hivyo msichana wa bomani asihojiwe mwili wake na mtu aliyekutana naye jana, mbele ya mkalimani wa kiume. Akiamua kuzungumza, atazungumza na rafiki, na urafiki hauji kwa usiku mmoja.

Wazazi huogopa afya na usalama. Maziwa yachemshwe, homa ya brusela ipo. Mwenye pumu asilale kwenye nyumba yenye moto ndani, moshi ni mwingi. Alale kwenye nyumba ya bati au hema. Zahanati ya karibu ijulikane mapema. Usiku lango linafungwa kwa miiba kwa sababu ya fisi, na mgeni hatoki peke yake.

Linaloniuma zaidi ni kwamba safari hizi ni za upande mmoja. Mwaka 2016 ada iliondolewa hadi kidato cha nne, na kwenye boma letu wapo wasichana wanaosoma shule ya kata. Wamewapokea wanafunzi wa mjini, wamewatandikia, wamewachotea maji. Hakuna hata mmoja wao aliyewahi kualikwa kulala nyumbani kwa wanafunzi hao, kuona maktaba ya shule yao au kushika hadubini ya maabara yao. Shule iliyolaza wanafunzi kumi Longido inashindwaje kuwalaza wasichana kumi wa Longido mjini, likizo ya Desemba? Nauli ya basi la Namanga, linalopita Longido, si fedha ya kuishinda shule inayokodi magari.

Mama nimemsomea swali lenu kwa Kimaa naye ametoa masharti yake. Waje mwishoni mwa Mei au mwanzoni mwa Juni, nyasi zikiwa bado zipo. Wawe wawili kwa kila nyumba, wasizidi, na wakae angalau siku nne. Aambiwe mwezi mmoja kabla. Fedha ije kwenye simu yake. Waje na unga na sukari yao, na waende kisimani na binti zake. Na mdogo wangu wa mwisho, aliye kidato cha pili, aalikwe kwao mwaka huo huo. Shule itakayokubali hayo, anasema, nyumba yake iko wazi.