Maswali ya Wasomaji: Paka Mzee, Figo na Robo ya Kidonge

Paka wangu ana miaka 14. Anakunywa maji kupita kiasi na mkojo ni mwingi mno. Daktari kapima damu, kreatinini (uchafu wa damu unaotolewa na figo) ni 210, kasema figo zimechoka, yuko hatua ya pili. Figo zikichoka si mkojo ungepungua? Tena chakula cha figo alichoandikiwa hataki hata kukinusa. – R.

Mkojo mwingi ndiyo dalili yenyewe. Figo nzima huchuja uchafu kwenye damu, kisha huyarudisha maji mwilini ili mkojo utoke mzito. Figo zilizochakaa hushindwa kuyarudisha: maji yanapita tu, sehemu ya uchafu inabaki, naye paka anakunywa ili kufidia. Kwa hiyo usimpunguzie maji hata tone. Jambo la kutisha ni mkojo kupungua ghafla. Hapo anapelekwa kwa daktari siku hiyohiyo.

Hiyo 210 ni mikromoli kwa lita. Hatua ya pili ni kuanzia 140 hadi 250, ya tatu inafika 440, na juu ya hapo ni ya nne. Hata hivyo kipimo kimoja hakitoshi. Kirudiwe paka akiwa na maji ya kutosha mwilini, pamoja na uzito wa mkojo (yaani mkojo ni mzito au mwepesi kiasi gani), protini iliyomo kwenye mkojo, fosforasi, potasiamu na shinikizo la damu. Kreatinini hutoka kwenye misuli, hivyo paka aliyekonda anaweza kuwa na namba ya kupendeza huku figo ni mbovu. Mpime uzito kila wiki mbili, kwa mizani ileile, na uandike.

Sasa chakula. Katika hatua ya pili na kuendelea, chakula chenye fosforasi kidogo ndicho kinachosaidia kuliko karibu kila kitu kilichomo kwenye kabati la dawa, ila kinasaidia kikiliwa. Kosa kubwa ni kukibadilisha kwa siku moja. Weka kijiko kimoja cha chai kwenye kisahani cha pembeni, chakula chake cha zamani kibaki mahali pake. Akishazoea harufu, changanya sehemu moja mpya na tatu za zamani, kaa hapo wiki nzima, kisha panda nusu kwa nusu. Wiki nne si nyingi, na wengine huhitaji nane. Chakula cha majimaji kipashe moto kiwe vuguvugu kama mwili wake, harufu itoke.

Usianze zoezi hili akiwa anatapika au kichefuchefu kimemshika. Paka hukihusisha chakula na ugonjwa, na akishakichukia hatakirudia. Kichefuchefu utakitambua: anaenda kwenye bakuli, ananusa, analamba midomo, anaondoka. Huyo hajadeka, anaumwa. Mwombe daktari maropitanti ya kuzuia kutapika, au mirtazapini ya kuamsha hamu ya kula. Kwa paka wa figo mirtazapini kwa kawaida hutolewa kila baada ya saa 48, si kila siku, kwa sababu inachelewa kutoka mwilini. Ikizidi, paka hulia ovyo na kuhangaika usiku kucha.

Na asikae na njaa ukisubiri asalimu amri. Paka asiyekula siku mbili tatu, mafuta ya mwili wake huhamia kwenye ini na kuliziba, ukawa ni ugonjwa wa pili juu ya wa kwanza. Akigoma kabisa, mpe cha zamani, ushughulikie fosforasi kwa dawa.

Hiyo dawa ya kunasa fosforasi naweza kumpa usiku, kabla ya kulala? Mchana siko nyumbani. – H.

Akiwa hajala, umeitupa. Dawa hii haiingii kwenye damu kwenda kutibu figo. Inakamata fosforasi ya chakula ndani ya utumbo na kutoka nayo kwenye kinyesi. Igawe kulingana na milo, uchanganye kwenye chakula chenyewe, au umpe mara tu anapomaliza. Ikiwa anakula mara mbili, dozi ya siku nayo mbili. Fosforasi irudiwe kupimwa baada ya wiki nne hadi sita. Katika hatua ya pili tunataka isizidi milimoli 1.5 kwa lita. Zile za aluminiamu hufunga choo, na paka wa figo tayari ana kinyesi kikavu. Dawa nyingine za kumeza ziachanishe nayo kwa saa mbili, maana nazo baadhi hunaswa.

Shinikizo la paka wangu lilikuwa 185. Daktari kaandika robo ya amlodipini ya miligramu 2.5 mara moja kwa siku. Duka la dawa lilikuwa na za miligramu 5 tu, nikaambiwa robo ni robo. – S.

Robo si robo. Robo ya 2.5 ni miligramu 0.625, robo ya 5 ni 1.25, yaani umempa maradufu. Paka wengine huandikiwa 1.25 makusudi, kwa hiyo usitaharuki, lakini mpigie daktari leo, na akiwa mnyonge au anayumba mpeleke. Kukata kidonge cha 5 vipande vinane ni kujidanganya: kinavunjika unga, leo anapata nyingi, kesho hapati. Tafuta cha 2.5 na kikata vidonge chenye wembe.

Usimmezeshe kipande kikavu. Kinaweza kukwama kwenye koo la chakula na kuliunguza. Doksisaikilini, dawa ya kuua bakteria, ndiyo mbaya zaidi kwa hilo. Kila kidonge kifuatwe na maji mililita 5 kwa bomba lisilo na sindano, polepole kwenye kona ya mdomo. Ukisahau dozi, mpe utakapokumbuka siku hiyo. Kesho usimpe mbili. Shinikizo lipimwe tena ndani ya wiki moja au mbili. Mboni zikiwa kubwa hata mwangani, au akianza kugonga viti, ni dharura: shinikizo limebandua pazia la nyuma ya jicho.

Nimefundishwa kumwekea dripu chini ya ngozi, mililita 100. Baadaye uvimbe ulishuka hadi mguuni. Nimekosea? – A.

Hujakosea. Maji huteremka kwa uzito wake na kwa kawaida hunyonywa ndani ya saa chache. Ubaki ukizoea utaratibu: weka mfuko wa Ringer lakteti (maji ya dripu) ndani ya beseni la maji ya moto hadi uwe vuguvugu, na ujaribu kwenye kifundo cha mkono wako. Uangike juu, toa hewa kwenye mrija. Inua ngozi kati ya mabega iwe kama hema, ingiza sindano mpya sambamba na mgongo, tundu likiangalia juu. Manyoya yakilowa, umetokea upande wa pili. Kiasi kisome kwenye alama za mfuko, usikisie. Maji yenye ukungu au chembe, tupa.

Usiongeze kiasi kwa huruma. Moyo wa paka mzee unaweza kuzidiwa: akiwa amelala hesabu pumzi kwa dakika nzima, zikipita 30 simamisha dripu umpigie daktari.

Anachechemea kwa baridi yabisi. Naweza kumpa nusu ya parasetamoli? – K.

Hapana. Ini la paka halina uwezo wa kuivunja. Hata kipande kidogo huharibu damu isibebe hewa, ufizi unageuka rangi ya kahawia au buluu, na anaweza kufa. Ibuprofeni na diklofenaki nazo hukata mtiririko wa damu kwenye figo. Meloksikamu, dawa nyingine ya maumivu, daktari anaweza kuiandika kwa dozi ndogo sana, figo zikiwa zimetulia, na hutolewa na chakula tu. Siku asiyokula, siku hiyo hapewi.