Usilipie plasmidi kabla ya kupiga hesabu ya chokaa

Mkuu, simama kwanza. Umesema unataka bakteria E. coli ikutolee asidi ya laktiki kutoka molasi ya kiwanda cha sukari, na unauliza plasmidi ipi (kipande cha DNA cha kubebea jeni) na fementa, yaani tangi la kuchachushia, ya lita ngapi. Mimi nakuuliza: jasi utaipeleka wapi?

E. coli hustawi karibu na pH 7. Asidi ikianza kujaa kwenye tangi, pH inashuka na bakteria wanadorora, kwa hiyo unamwaga chokaa muda wote. Mwishowe huna asidi, una chumvi yake, laktati ya kalsiamu. Kuirudisha iwe asidi lazima utie asidi ya sulfuriki, na hapo ndipo jasi, yaani salfati ya kalsiamu, inapozaliwa. Kokotoa mwenyewe, ni kemia ya sekondari: kila kilo ya asidi ya laktiki inakula chokaa iliyozimwa gramu 410 hivi na asidi ya sulfuriki gramu 540 hivi, halafu inakuachia jasi inayokaribia kilo nzima. Kilo kwa kilo!

Mradi wetu ulifia hapo. Jeni zilifanya kazi vizuri kabisa, lakini pesa ziliishia kwenye asidi ya sulfuriki na malori ya kubeba tope. Mshauri tuliyemlipa alituapia kwamba jasi ni mali, viwanda vya saruji vitaigombania. Mpaka leo inaniuma. Jasi itokayo kwenye molasi ni ya kahawia na ina mabaki ya sukari, na sukari hata kidogo huchelewesha saruji kuganda. Wanaoshughulika na zege wanalijua hilo. Kiwanda tulichopelekea sampuli kiliikataa. Mtu anayekula pesa ya ushauri wa viwanda analikosaje jambo kama hili?

Kwa hiyo chagua kiumbe kwa kutazama namna utakavyoitenga kemikali yako, jeni zitafuata. Chini ya pH 3.86, zaidi ya nusu ya asidi ya laktiki inabaki kuwa asidi, na unaweza kuivuta kwa kiyeyushi. Hamira zipo zinazovumilia pH 3. Kampuni ya Cargill wameshatengeneza asidi ya laktiki kwa hamira ya namna hiyo, na kampuni ya Reverdia walipofungua kiwanda cha asidi ya saksiniki Cassano, Italia, mwaka 2012, walitumia hamira kwa sababu hiyo hiyo. Utazima jeni za PDC (kimeng'enya kinachoelekeza sukari kwenye pombe) ili iache kutoa pombe, utaingiza ya LDH (kimeng'enya kinachotengeneza asidi ya laktiki). Itakua kwa shida kwenye glukosi, ndiyo, lakini hiyo ni shida ya maabara, haihitaji lori.

Wiki hii tafuta hamira za aina mbalimbali, hata za kwenye mnazi na togwa. Zitie kwenye molasi uliyoizimua kwa maji, shusha pH hadi 3 kwa asidi ya laktiki yenyewe, uone ipi inaendelea kukua. Lete majibu hapa hapa kwenye uzi.