Jibu: Asidi kwenye chupa za maji ya kunywa

Mwalimu wa Masasi, umeuliza kwa nini asidi haidrokloriki ya 0.1 M (moli 0.1 kwa lita), uliyoihifadhi kwenye chupa za maji ya dukani, inakupa majibu tofauti ya titresheni, yaani kupima ukolezi wa asidi kwa kuidondoshea besi hadi zimalizane. Asidi nyepesi hivyo haili plastiki ile. Kinachopotea ni maji: ukuta mwembamba, kifuniko hakibani sawasawa, na joto la Mtwara unalijua. Mvuke ukitoka asidi inakolea, basi asidi inayotumika kutoka kwenye bureti (mrija wa kupimia wenye bomba) ni kidogo kuliko mwanzo wa muhula.

Hamishia kwenye chupa ya borosiliketi (kioo cha maabara) au ya polithini nzito. Kifuniko cha bati usithubutu, kitaliwa na kutu idondokee ndani. Kabla ya mtihani pima upya ukolezi wa asidi kwa sodiamu kaboneti kavu. Na zile chupa za maji zitoe maabara leo hii, wanafunzi wana kiu, wasije wakadhani ni maji.