Kisu cha paundi 400: mali, au mume kajifurahisha tu?

SWALI: Anko habari za kazi. Mume wangu tangu aanze haya mambo ya bushikrafti, yani wikiendi anaenda msituni analala chini ya turubai na kuchonga vijiko vya mti, nyumbani hatuna amani. Juzi kanunua kisu kilichotengenezwa kwa mkono, paundi 400, kisu kimoja! Namuuliza ananiambia huo ni uwekezaji, eti baada ya miaka 10 bei inapanda mara mbili. Mi naona tumepigwa. Ni kweli visu hivi vinapanda bei? – Mama watoto, Leicester

JIBU: Pole mama watoto, ila usimfokee kwanza. Vipo vinavyopanda, na vipo vingi zaidi ambavyo siku ukitaka kuuza unashukuru ukipata nusu, na kinachotofautisha hapo sio ukali wala uzuri wa mpini, ni jina la fundi na urefu wa foleni yake.

Mfano uko hapohapo Uingereza. Ray Mears, yule wa vipindi vya porini kwenye TV, alibuni kisu kinaitwa Woodlore, na fundi Alan Wood ndo akawa anakitengeneza kimoja kimoja kwa mkono. Ukikiangalia hakina maajabu: bapa fupi la chuma cha kaboni aina ya O1, unene kama milimita 4, chuma kimepita mpaka mwisho wa mpini, makali yameshuka moja kwa moja staili ya Skandinavia, kwa hiyo ukinoa unalaza ule mshuko wote juu ya kinoo basi, hata mtoto anaweza. Lakini foleni ya kukipata ikawa ya miaka, watu hawana subira, mwenye nacho akawa anataja bei anayotaka. Mafundi kibao wakaiga umbo lilelile na chuma kilekile, wengine kazi yao safi kabisa sina la kusema, ila kopi itabaki na bei ya kopi.

Sasa muulize bwana: kisu kina alama ya fundi? Risiti au meseji za oda kazitunza? Na swali kubwa kuliko yote, huyo fundi ukimwandikia leo anakutengenezea kingine mwezi ujao kwa 400 ileile? Kama ndiyo, nani atampa mumeo 800 wakati kipya kipo?

Alafu kuna hili la kukitumia. Hawa watu wa bushikrafti wanapasua kuni kwa kuweka kisu juu ya gogo na kukigonga mgongoni kwa rungu, ukishafanya hivyo mgongo unajaa alama na wanaokusanya visu wanakikimbia. Akitaka cha kugonga anunue Mora ya Sweden, ya kawaida haifiki hata paundi 25, na Mors Kochanski, yule mwalimu wa Kanada ambaye wanabushikrafti wote wanamheshimu, alikuwa anazisifia Mora miaka yote pamoja na kwamba angeweza kuwa na kisu chochote.

Hukumu yangu: kupigwa hamjapigwa, maana kuchonga bapa, kulipasha moto na kulichovya, kufunga mpini na kushona ala ya ngozi ni kazi ya siku kadhaa na fundi naye ana kodi ya nyumba. Ila neno uwekezaji hilo limetafutwa kwa ajili yako wewe. Na mwambie asitembee nacho mtaani bila sababu ya maana, kisu kisichokunja huko ni kesi.

SWALI: Anko, kwenye mnada wa mitumba wa Jumapili nimepata kisu cha zamani paundi 3, kimeandikwa Sheffield, kina weusiweusi na kutu kidogo. Nikipige msasa king'ae ndo nikiuze? – Kijana, Leeds

JIBU: Weka msasa chini! Ule weusi ndo umri wake, mnunuzi anayejua anautafuta, na muhuri wa fundi mara nyingi uko juujuu tu, ukisugua dakika mbili umeufuta na umefuta na hela. Kitambaa na mafuta kidogo, pale penye kutu nyekundu tu ndo unasugua taratibu, na usikihifadhi ndani ya ala ya ngozi maana ngozi inashika unyevu na inakula chuma. Neno Sheffield peke yake halina bei, mji ule umetoa visu kwa mamilioni, tafuta jina la fundi. Stan Shaw kwa mfano alianza kazi 1941 akafariki 2021, na visu vyake vya kukunja watu walisubiri miaka. Mpini ukiwa ni pembe ya ndovu usikitangaze kabisa kabla hujasoma sheria, toka Juni 2022 Uingereza imebana hiyo biashara, vimebaki vitu vichache tu vyenye kibali.

SWALI: Shikamoo anko. Nafua visu kwa springi za Land Rover. Mtalii kaniambia Marekani ningeuza dola 300 kimoja. Ananidanganya? – Fundi, Arusha

JIBU: Marahaba mdogo wangu. Springi sio aibu hata kidogo. Bob Loveless, fundi visu mwenye jina kubwa Marekani, alikuwa baharia, mwaka 1954 akataka kisu cha Randall, fundi mwingine wa hukohuko, akaambiwa asubiri miezi tisa, akakasirika akaenda kwenye magari mabovu akachukua springi ya Packard ya 1937 akajitengenezea. Leo visu vyake vinauzwa maelfu ya dola, na vya feki navyo vimejaa.

Ila yeye hakubaki kwenye springi za kuokota. Springi ya gari bovu inaweza kuwa na ufa usiouona, na mnunuzi wa dola 300 atakuuliza ni chuma gani. Kule Marekani chama cha wahunzi wa visu, ABS, kina mtihani: kisu kimoja kinakata kamba inayoning'inia, kinakatisha ubao mara mbili, bado kinyoe nywele za mkono, alafu kinabanwa kwenye vaisi na kukunjwa nyuzi 90 bila kuvunjika. Jaribu hivyo kwenye kisu chako kimoja, kikivunjika ujue shida iko kwenye kupasha moto na kuchovya, rudi huko kabla ya kuwaza dola. Gonga alama yako, ileile kila kisu, usibadilishe kila mwezi.

Na mpini weka mpingo, wenzio ng'ambo wanaulilia. Mpingo uko kwenye orodha ya CITES, ule mkataba wa kimataifa unaodhibiti biashara ya miti na wanyama walio hatarini, toka 2017, ila toka mwishoni mwa 2019 bidhaa iliyokamilika ikiwa na mbao isiyozidi kilo 10 kwa mzigo haidaiwi kibali cha CITES, kwa hiyo kisu chenye mpini tayari kinapita. Mtalii akikuomba umtumie vipande vitupu vya mpingo akachonge mwenyewe, hapo nenda kwanza ofisi ya TFS, wale wakala wa misitu.