Jibu: Tumbo linauma miezi 4, vipimo havionyeshi kitu

Pole sana, dada yangu. Umeeleza kwamba maumivu yako yako chini ya chembe cha moyo, na kwamba utrasaundi haikuonyesha kitu. Kipimo hicho huona vizuri mawe ya kifuko cha nyongo, lakini vidonda vya tumbo hutafutwa kwa endoskopi, yaani kamera inayopitishwa mdomoni. Na kama ulikuwa ukimeza omeprazole, dawa ya kupunguza asidi tumboni, kipimo cha bakteria wa vidonda, Helicobacter pylori, huenda kilidanganya, kwa sababu dawa hiyo inaweza kuwaficha bakteria hao; ndiyo maana husimamishwa wiki 2 kabla ya kipimo, kwa ushauri wa daktari. Mimi nilipoumwa tumbo niliandika daftarini maumivu yanakuja lini, “saa 9 usiku, tumbo tupu”, na daktari wangu huku Temeke akaanzia hapo. Ukipata choo cheusi kama lami, nenda hospitali usiku huohuo.